Ufunguo wa Mashine Ukae kwa Mwenye Mashine

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wake uitwao Windows 10, ila kwa wale waliojiandikisha kupewa muda wa nyongeza. Habari hiyo ilipita kimya katika pwani yetu ya kaskazini ya Cabo Delgado, na si ajabu, kwani watu wa pwani hii wamekuwa na mambo mazito zaidi ya kufikiri tangu tarehe 5 Oktoba 2017, siku vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa. Hata hivyo twaona ni wajibu wetu kuizungumza habari hii mbele ya ndugu zetu askari na polisi, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo wao wanalijua kuliko mtu mwingine yeyote: ni nani mwenye haki ya kushika ufunguo wa lango?

Askari au polisi aliyejinyima akanunua kompyuta aghalabu hununua ya mitumba. Huitumia kuandika ripoti, kujisomea ili apande cheo, kuhifadhi picha za watoto aliowaacha mbali, na akirudi likizo huwaachia hao watoto wajifunze. Mashine za namna hiyo nyingi zilitengenezwa kabla ya mwaka 2018. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, huzikataa, kwa sababu inadai chipu ya ulinzi iitwayo TPM ya toleo la 2.0 na kichakato cha miaka ya karibuni. Basi mwenye mashine anabakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuendelea kutumia mfumo usiolindwa tena. Ya pili ni kununua mashine mpya, ilhali ile aliyo nayo ni nzima. Ya tatu ni kuweka mfumo endeshi mwingine, kama vile Linux, uliobuniwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ambao hauuzwi na ambao huweza kuipa mashine kongwe miaka mingine mingi ya kazi.

Njia ya tatu ndiyo inayomfaa mtu wa mshahara mdogo. Lakini katika njia hiyo kuna lango, na langoni kuna mlinzi ambaye hakuajiriwa na mwenye nyumba.

MLINZI WA LANGO

Kila aliyewahi kushika zamu ya usiku anajua desturi yake. Mtu akitokea gizani huamriwa asimame, huulizwa neno la siri la usiku ule, na asipolijua hapiti, hata awe amevaa sare nzuri namna gani. Kompyuta nayo inapowashwa ina mlinzi wa namna hiyo. Kabla mfumo endeshi haujaanza kazi, huamka kwanza programu ndogo iliyotiwa kiwandani ndani ya chipu ya bodi kuu. Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 programu hiyo iliitwa BIOS. Leo mahali pake pameshikwa na UEFI, ambayo tangu mwaka 2005 inasimamiwa na baraza la makampuni ya kompyuta. Kazi yake ni kuviamsha viungo vya mashine, kutafuta mfumo endeshi ulipo, kisha kuukabidhi usukani.

BIOS ya zamani haikuuliza neno la siri. Programu yoyote iliyoikuta mwanzoni mwa diski iliikabidhi usukani, hata ikiwa ni virusi. Ndipo mwaka 2012, Windows 8 ilipotoka, likaenezwa kufuli jipya ambalo katika kioo cha mashine huandikwa Secure Boot. Mtengenezaji hutia ndani ya chipu orodha ya funguo anazoziamini. Programu ya kuamshia mfumo hupita tu ikiwa imetiwa sahihi kwa mojawapo ya funguo hizo. Isiyo na sahihi hurudishwa langoni.

Hapo ndipo lilipo fundo la mambo. Mtengenezaji aliyetaka kubandika nembo ya Windows 8 juu ya mashine zake alilazimika kuziuza kufuli likiwa limekwisha kufungwa, na funguo za Microsoft zikiwa ndani. Kwa hiyo karibu kila kompyuta iliyouzwa kwa watu wa kawaida tangu hapo, iwe Maputo, Dar es Salaam au Dubai, inaitambua sahihi ya kampuni moja. Waandishi wa mifumo mingine iliwabidi wabishe hodi kwa mshindani wao. Fedora walilipia dola 99 ili waandikishwe, kisha wao na wenzao wa Ubuntu wakapeleka kwa Microsoft programu ndogo ya kutangulia, iitwayo shim, itiwe sahihi. Shim ikishapita langoni, nayo hukagua programu nyingine za Linux kwa funguo za Linux zenyewe.

Njia hiyo ilikuwa ya werevu, nasi twawapongeza walioibuni. Lakini mtu aombaye ruhusa kwa jirani ili aingie nyumbani mwake mwenyewe bado hajawa mwenye nyumba.

Ni haki kusema pia kwamba kanuni ya mwaka 2012 iliwataka watengenezaji wa kompyuta za kawaida wamwachie mwenye mashine uwezo wa kulizima kufuli hilo au kuweka funguo zake. Ila kwa mashine zenye kichakato cha ARM kanuni hiyo hiyo ilisema kinyume: zisizimike kabisa. Na ilipofika mwaka 2015, pamoja na Windows 10, sharti la kumwachia mtu uwezo wa kuzima likageuka kuwa hiari ya mtengenezaji. Haki iliyokuwa imeandikwa ikawa fadhila, na fadhila ya mtu huondoka siku atakayo yeye.

MIIBA YA NJIANI

Watu wengine husema kwamba haya yote ni malalamiko ya bure, kwa kuwa fundi hodari huvuka lango hilo kwa dakika tano. Ni kweli kwa fundi hodari aliyeko mjini. Lakini sisi hatuandiki kwa ajili ya fundi hodari. Twamwandikia koplo aliyeko Palma au polisi aliyeko Kionga, ambaye bando lake ni la kubahatisha, na ambaye anakumbuka kwamba tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, simu za mji mzima zilikatika. Huyo hana mtu wa kumpigia simu kila anapokwama. Hebu tuzihesabu hatua zake.

Kwanza hana budi kuuona mlango. Ukurasa wa mipangilio ya UEFI hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe fulani mara tu mashine inapowashwa: kwa Dell ni F2, kwa HP aghalabu F10, kwa ThinkPad za Lenovo F1. Akichelewa kidogo, mfumo wa zamani umekwisha kuamka, naye aanze upya. Akiupata ukurasa huo, huukuta umejaa Kiingereza cha mafundi. Askari wetu amesoma Kireno shuleni, nyumbani ni Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili. Si mjinga hata kidogo, ila hapa anaulizwa neno la siri kwa lugha asiyofunzwa.

Pili, huenda akalikuta neno analolitafuta lakini limefifizwa, haliguswi. Katika mashine nyingi za Acer ni lazima kwanza uweke neno la siri la msimamizi ndipo kufuli likubali kuguswa, na hakuna kitu katika kioo kinachokueleza hivyo. Na ole wake aliyenunua mashine ya mitumba iliyotoka katika ofisi ya ng'ambo ikiwa bado ina neno la siri la mwenyewe wa kwanza. Amelipa fedha zake na mashine ameipokea, lakini mlango wa ndani ni wa mtu asiyemjua wala hatamwona maishani.

Tatu, hata mashine mpya yaweza kuikataa ile sahihi ya Linux iliyotolewa na Microsoft yenyewe. Mwaka 2022 ilibainika kwamba ThinkPad mpya za Lenovo za namna ya Z13 ziliuzwa zikiwa zinauamini ufunguo wa Windows peke yake, na ule unaotumika kwa mifumo ya wengine ukiwa umezimwa. Mnunuzi aliyechomeka flashi ya Linux alirudishwa langoni mpaka aingie mwenyewe katika mipangilio akauwashe ufunguo huo.

Nne, akifaulu kuweka Linux, mambo hayajaisha. Ikiwa kifaa chake cha kunasa mtandao wa hewani kinahitaji programu ya nyongeza, mashine itakapowashwa tena hutokea kioo cha buluu kinachomtaka athibitishe ufunguo wake mwenyewe, nacho humngoja sekunde 10 tu. Asipobonyeza kitu, mashine huendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea, mtandao haufanyi kazi, naye hajui sababu.

Tano, ambalo ni la hatari kuliko yote: mashine nyingi za Windows za miaka hii huifunga diski kwa siri, wakati mwingine bila mwenyewe kutambua. Ukigusa kufuli la UEFI, Windows hushtuka na kudai ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48. Asiye nao amezipoteza picha zake, ripoti zake na masomo yake. Ni watu wangapi waliopewa mashine na kuambiwa wauandike ufunguo huo?

Tena hata aliyekwisha kuvuka salama aweza kurudishwa. Mnamo Agosti 2024 Microsoft ilitoa masahihisho yaliyokusudiwa kuzuia programu za kuamshia zenye kasoro. Katika mashine nyingi zilizokuwa na Windows na Linux pamoja, Linux ikakataa kuamka. Watu walilala na mifumo miwili wakaamka na mmoja. Na vyeti vya mwaka 2011, ambavyo lango zima limeegemezwa juu yake, vilipangiwa kwisha muda kuanzia Juni 2026, mahali pake pashikwe na vya mwaka 2023. Kwisha huko hakuizimi mashine papo hapo, lakini mashine kongwe isiyopokea funguo mpya itafika siku ya kuzikataa flashi mpya za Linux zilizotiwa sahihi kwa funguo hizo. Mashine kongwe ndizo tulizo nazo.

KUFULI SI ADUI

Sasa asije mtu akadhani kwamba twawaambia wapiganaji wavunje makufuli. La, hasha. Adui wa kweli yupo. Mnamo Machi 2023 wataalamu wa kampuni ya ESET walieleza habari za programu haribifu iitwayo BlackLotus, iliyokuwa ikiuzwa na wahalifu kwa dola 5,000, ambayo iliweza kulipita kufuli hilo hata katika Windows 11 na kujificha chini ya mfumo wenyewe, mahali ambapo kinga za kawaida hazifiki. Mwaka 2020 ilikwisha kuonekana kasoro nyingine, iliyoitwa BootHole, ndani ya programu ya kuamshia inayotumiwa na Linux nyingi. Kwa hiyo hata upande wa Linux si malaika.

Askari anaijua maana ya jambo hili. Adui akiipata kompyuta ya ofisi kwa dakika chache, huku kufuli la uamshaji limeachwa wazi, aweza kuotesha humo mzizi utakaosoma kila kitakachoandikwa baadaye: orodha ya majina, zamu za doria, mahali pa kukutana. Lango lisilo na mlinzi si uhuru, ni uzembe. Mashine ya jeshi au ya polisi isiguswe na mtu kwa ujuzi wake binafsi bila ruhusa ya mkuu wake.

Lakini hebu tuulize: je, wale walioshika funguo kwa niaba yetu wamezishika vema? Mwaka 2024 wachunguzi wa kampuni ya Binarly waligundua kwamba mamia ya aina za mashine za watengenezaji mbalimbali ziliuzwa zikiwa na ufunguo mkuu wa majaribio, ambao aliyeutengeneza alikuwa ameuandika wazi kwamba usiaminiwe. Watengenezaji hawakuubadilisha. Sehemu ya siri ya ufunguo wa namna hiyo ilikuwa imekwisha kuvuja hadharani. Ni sawa na kikosi kilichopewa kufuli la mfano la darasani, kikalifunga katika ghala la silaha.

Basi hoja ya kwamba mwenye mashine asishike ufunguo kwa kuwa atakosea, haisimami. Mwenye kiwanda naye hukosea, na akikosea yeye huumia watu wa dunia nzima kwa siku moja. Tena kanuni za UEFI zenyewe zinakubali kwamba mwenye mashine anaweza kuziondoa funguo za kiwandani na kuweka zake. Kufuli linabaki, mlinzi anabaki, neno la siri linabaki. Kinachobadilika ni nani anayelitoa neno hilo. Hilo ndilo tunalolitaka.

PWANI HII INAJUA

Watu wa Cabo Delgado hawahitaji kufundishwa maana ya lango kushikwa na kampuni. Tangu miaka ya 1890 hadi mwaka 1929 nchi hii, pamoja na Niassa, ilikabidhiwa na Ureno kwa Kampuni ya Nyassa, iliyokaa Ibo kisha Porto Amélia, mji ambao leo unaitwa Pemba. Kampuni ndiyo iliyotoza kodi ya nyumba, ndiyo iliyowakusanya watu kwa kazi, na wengi waliona afadhali kuvuka Ruvuma kuliko kuomba ruhusa katika nchi yao. Hatusemi kwamba mtengenezaji wa kompyuta ni sawa na Kampuni ya Nyassa. Huyu anauza bidhaa, yule aliuza watu jasho lao. Twasema tu kwamba historia imetufunza kuuliza mapema: katika mkataba huu, ufunguo unakaa kwa nani, na siku tukitaka kubadili njia tutamwomba nani?

Tofauti hii yaonekana vizuri zaidi katika simu. Nchini Kenya, mwezi wa Julai 2020, kampuni ya Safaricom ikishirikiana na Google ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambamo mtu huchukua simu na kuilipia kidogo kidogo kila siku. Asipolipa, simu hufungwa kutoka mbali. Waweza kuupenda mpango huo au kuuchukia, lakini kufuli hapo ni dhamana ya deni, mnunuzi ameambiwa mapema, na deni likiisha kufuli nalo limekwisha kazi yake. Lakini mtu aliyekwisha kuilipia mashine yake yote, anadaiwa nini? Mwaka 2018 kampuni ya Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia simu zake ili ziwekewe mfumo mwingine, na wenye simu walizozilipia kwa fedha taslimu wakaachwa nje ya mlango. Kufuli la mdaiwa lina mwisho, la asiyedaiwa halina.

Wala si kweli kwamba njia hii ni ya watoto wa vyuoni tu na haifai kwa vyombo vya ulinzi. Gendarmerie ya Ufaransa, ambayo ni askari na polisi kwa pamoja, ilianza mwaka 2005 kwa kubadili programu za ofisi, na mwaka 2008 ikaanza kuweka mfumo wake wa Linux uitwao GendBuntu. Kufikia mwaka 2024 zaidi ya asilimia 90 ya mashine zake zilikuwa zikiutumia. Wizara ya ulinzi ya India nayo mwaka 2023 ilitangaza mfumo wake uitwao Maya, uliojengwa juu ya Ubuntu. Vyombo hivyo havikusubiri kampuni ya ng'ambo iwaambie lini mashine zao zimezeeka. Navyo viliweza kwa sababu vilikuwa na mafundi wao, na kwa sababu vinanunua mashine kwa masharti yao.

Hata katika Afrika yetu mbegu ilikwisha kupandwa. Ubuntu yenyewe, ambayo jina lake ni neno la kibantu lenye maana ya utu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Programu iliyo wazi ndiyo iliyowezesha kazi hiyo, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kuomba ruhusa ya kuitafsiri. Lakini faida yote hiyo haina maana kwa mtu aliyezuiwa kabla mashine haijaamka.

TUFANYE NINI?

Twaona kuna mambo manne yanayowezekana, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni la serikali. Kila zabuni ya kununulia kompyuta za majeshi, polisi, shule na hospitali iwe na sharti lililoandikwa: mashine imwezeshe mwenyewe kuweka funguo zake za uamshaji na kulizima kufuli akitaka, na neno la siri la mipangilio likabidhiwe kwa maandishi siku ya kupokea mzigo. Mtu mmoja dukani hana nguvu ya kumwamuru mwenye kiwanda. Mnunuzi wa maelfu ya mashine anayo, na nchi za ukanda wetu zikisema kwa sauti moja zitasikilizwa zaidi. INTIC, taasisi yetu ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano, yafaa ilishughulikie jambo hili.

La pili ni la wauzaji. Muuzaji wa kompyuta za mitumba asiuze mashine yenye neno la siri la mtu mwingine. Aiwashe mbele ya mnunuzi, aufungue ukurasa wa mipangilio, aoneshe kwamba mlango uko wazi. Polisi wanaosimamia masoko yetu wanajua kwamba mashine yenye neno la siri la mwenyewe asiyejulikana huenda hata ikawa ya wizi. Hapa sheria na haki ya mnunuzi zinakwenda njia moja.

La tatu ni la makamanda. Kila kikosi na kila kamandi ya polisi iwe na angalau fundi mmoja au wawili waliofunzwa kazi hii, na kijitabu cha kurasa chache kwa Kireno na kwa Kiswahili, chenye picha za vioo vyenyewe. Chuo Kikuu cha Lúrio kina kitivo cha uhandisi pale pale Pemba. Vijana wa chuo na vijana wa jeshi wakikaa pamoja kwa wiki moja, kijitabu hicho kitapatikana. Na flashi zenye mifumo iliyokwisha kupakuliwa zigawiwe kutoka huko, ili aliyeko Palma asimalize mshahara wake kwa kununua bando.

La nne ni lako wewe, ndugu askari na polisi, kwa mashine yako ya nyumbani. Usianze kwa kuzima kufuli. Anza kwa kunakili kila kitu chako katika diski nyingine. Andika ule ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48 katika karatasi na uuweke mbali na mashine. Kisha chagua mfumo uliokwisha kutiwa sahihi, kama Ubuntu, Fedora, au Debian tangu toleo lake la 10 la mwaka 2019, kwa maana hiyo katika mashine nyingi hupita langoni bila kufuli kuguswa. Ijaribu kwanza kutoka katika flashi kabla hujaiweka katika diski, uone kama mtandao, sauti na kioo vinafanya kazi. Kioo cha buluu kikitokea, usikikimbie: kinakuomba neno la siri ulilolitunga wewe mwenyewe muda mfupi uliopita. Na kama huna budi kulizima kufuli, jua kwamba umelala bila mlinzi, basi usimwachie mashine mtu usiyemjua.

Ndugu wapiganaji, ninyi mnalinda pwani ambayo milango yake imevunjwa mara nyingi. Mocímboa da Praia ilitekwa mwezi wa Agosti 2020 na kukombolewa mwezi wa Agosti 2021, na waliorudi walijenga upya milango kabla ya mapambo, kwa sababu nyumba isiyofungika si nyumba. Hakuna anayewafundisha ninyi thamani ya kufuli. Lakini mtu aliyekwisha kurudi kwake, akafunga mlango wake usiku, hakubali kwamba asubuhi ampelekee mtu wa mbali barua ya kuomba afunguliwe.

Basi siku mtakapopokea shehena ya mashine mpya kambini au kituoni, kabla hamjatia sahihi hati ya kupokelea, ulizeni swali moja: ufunguo wa hizi uko wapi? Jibu likiwa haliridhishi, rudisheni hati bila sahihi.